Hesabu ya chandarua haijui mpaka

Chandarua chenye dawa kiuzwe au kitolewe bure? Swali hili limewashughulisha mawaziri wa afya, wachumi na madaktari wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 25. Kwa muda lilionekana limekwisha. Sasa linarudi mezani, na linarudi kwa mlango wa ukata.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Shirika hilo ndilo lililokuwa likiongoza Mpango wa Rais wa Marekani wa Kupambana na Malaria, ambao ulipoanza mwaka 2005 ulichagua nchi tatu za mwanzo: Angola, Tanzania na Uganda. Kwa miaka 20 sehemu kubwa ya vyandarua vilivyoning'inia juu ya vitanda vya watoto wa ukanda huu ililipiwa na walipakodi wa nchi nyingine. Fedha hizo si za kutegemewa tena kama zamani.

Hazina zikikauka, hoja ya kwanza kusikika huwa ileile: wananchi wachangie kidogo. Hoja hiyo ina sura ya busara. Husemwa kwamba cha bure hakithaminiwi. Kwamba aliyetoa fedha yake mfukoni atakitunza chandarua, na aliyepewa atakigeuza wavu wa dagaa au uzio wa bustani ya mchicha. Husemwa pia kwamba bei ndogo huwachuja wasiokihitaji, ili kibaki kwa anayekihitaji kweli.

Kabla waziri yeyote hajaweka bei hiyo ndogo kwenye bajeti, ni vema akumbuke kwamba jambo hili si la kubahatisha. Limechunguzwa kwa kina, na limechunguzwa hapahapa, kwa wanawake na watoto wa Kilifi, Siaya, Busia, Kilombero na Ulanga. Tena limechunguzwa na taaluma tatu ambazo kwa kawaida hazikai meza moja: tiba, elimu ya tabia za wanunuzi, na hisabati. Kila moja peke yake ilitoa sehemu ya jibu. Zilipounganishwa, jibu likakamilika.

Tiba ilianza. Kati ya mwaka 1993 na 1995, watafiti waliokuwa Kilifi, pwani ya Kenya, waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika baadhi ya maeneo na kuyalinganisha na maeneo yasiyo navyo. Vifo vya watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja. Watoto waliolazwa hospitali kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Majaribio ya namna hiyo yalifanyika pia Gambia, Ghana na Burkina Faso, na baadaye Asembo, karibu na Ziwa Victoria. Mwisho wa majaribio hayo hakuna daktari aliyebaki na shaka kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa maisha.

Lakini tiba haikuweza kueleza ni kwa njia gani chandarua kitamfikia mtoto wa mkulima asiye na kitu. Hapo ndipo zikaja taaluma za soko na za tabia za wanunuzi.

Tanzania ilitangulia kwa njia ya kuuza. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi ulioendeshwa kutoka kituo cha utafiti cha Ifakara ulianza kuuza vyandarua kwa bei nafuu kupitia maduka, mawakala wa vijiji na wahudumu wa afya. Vyandarua hivyo vilipewa jina ambalo kila mtu alilielewa: Zuia Mbu. Mradi ulifanikiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikafuata Hati Punguzo, karatasi aliyopewa mama mjamzito kliniki, akaenda nayo dukani na kuongeza fedha kidogo. Ni haki kukiri kwamba njia hiyo ilijenga mtandao wa wauzaji hadi vijijini, na kiwanda cha Arusha kikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa vyandarua barani Afrika.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni nzito: wenye uwezo ndio waliotangulia kununua. Utafiti uliofuatilia wilaya nne za Kenya, ambazo ni Kwale, Bondo, Kisii na Makueni, ulikuta kwamba mwaka 2004, vyandarua vilipokuwa vikipatikana zaidi kwa kununua, ni watoto 7 tu kati ya 100 walio chini ya miaka mitano waliokuwa wakilala ndani ya chandarua chenye dawa. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya iligawa bure zaidi ya vyandarua milioni tatu. Mwisho wa mwaka huo, katika wilaya zilezile, watoto 67 kati ya 100 walikuwa wamelala ndani ya chandarua, na pengo kati ya maskini na wenye nacho likazibika karibu lote.

Hata hivyo waliotilia shaka bado walikuwa na neno la kusema. Je, waliopewa bure walivitumia kweli, au walivipokea tu kwa kuwa ni vya bure? Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliamua kulijibu swali hilo katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya. Kliniki zilipangiwa bei kwa kura: nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine kwa shilingi 10, nyingine 20, na nyingine shilingi 40 za Kenya. Bei hiyo ya juu kabisa ilikuwa sawa na sehemu moja ya kumi ya gharama halisi ya chandarua.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanapaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila wizara ya fedha. Kilipotolewa bure, karibu kila mjamzito alikichukua. Kilipofika shilingi 40, waliokichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliotembelewa nyumbani baadaye hawakutofautiana: aliyelipa hakukitumia kuliko aliyepewa. Na ile dhana ya kwamba bei humchuja asiyekihitaji nayo ikaanguka, kwa sababu walionunua hawakuwa wagonjwa kuliko wale waliopewa bure. Bei ilichuja mifuko tu.

Dupas alirudi tena na swali lililobaki: je, aliyewahi kupewa bure atakubali kulipa siku nyingine? Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliopata chandarua cha kwanza kwa ruzuku kubwa walikuwa tayari zaidi kununua cha pili mwaka mmoja baadaye. Walikuwa wamekilalia, wameona faida yake. Kumbe kupewa hakukuwadekeza, kuliwafundisha.

Ni kweli kwamba vipo vyandarua vilivyoonekana vikivua dagaa katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Mara nyingi vinavyoishia majini ni vilivyochakaa au vilivyozidi mahitaji, lakini hata pale vinapokuwa vipya, jambo hilo linazungumza zaidi juu ya njaa ya mvuvi na bei ya wavu halali. Dawa yake iko katika sera ya uvuvi na ya chakula. Kumtoza mjamzito wa Bondo hakumzuii mvuvi wa Kigoma.

Bado taaluma ya tatu, ambayo wengi huiona iko mbali kabisa na kitanda cha mgonjwa. Hisabati iliingia katika malaria zaidi ya karne moja iliyopita. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyethibitisha huko India mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, alikuwa pia mpenzi mkubwa wa hisabati. Wenzake walipomwambia kwamba malaria haitashindwa kwa kuwa haiwezekani kuua mbu wote, aliwajibu kwa hesabu: si lazima kuua wote. Wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea na hufifia wenyewe.

Mwaka 1957 George Macdonald aliiendeleza hesabu hiyo na kuonyesha kwamba kinachotawala malaria kuliko vyote ni umri wa mbu. Mbu jike akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea vinahitaji siku 10 hivi, au zaidi, kukomaa ndani ya mwili wake. Chukua mbu 100 ambao kila siku kumi ya mia hufa na 90 ya mia husalimika. Baada ya siku 10 watabaki 35. Sasa fanya wanaosalimika kila siku wawe 80 kwa mia. Watakaobaki baada ya siku 10 ni 11. Ukishusha hadi 70 kwa mia, watabaki watatu tu. Badiliko dogo la kila siku huzaa badiliko kubwa mwishoni, kwa kuwa hasara hujizidisha yenyewe.

Chandarua chenye dawa hufanya kazi hiyohiyo. Mbu anayekigusa akimtafuta mtu wa kumuuma hufa, na hatafika nyumba ya pili. Kwa hiyo anayelala ndani ya chandarua hajikingi peke yake, anamkinga na jirani. Watafiti wa Asembo waliliona hilo kwa macho na kulichapisha mwaka 2003: watoto wasio na chandarua walioishi umbali usiozidi mita 300 kutoka maeneo yenye vyandarua walipata kinga iliyokaribia ile ya wenye navyo. Mwaka 2007 wanahisabati na wataalamu wa mbu waliofanya kazi kutoka Ifakara wakakokotoa kwamba kinga hiyo ya jamii nzima huanza kuonekana pale asilimia 35 hadi 65 ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanapotumia vyandarua.

Hapo ndipo taaluma tatu zinapokutana, na hapo ndipo hoja ya kuchangia kidogo inapokosa mguu wa kusimamia. Mama anayetakiwa kulipa shilingi 40 hupiga hesabu ya nyumba yake: unga, mafuta ya taa, daftari la mtoto, halafu chandarua. Ni hesabu ya haki kabisa. Lakini faida anayoipata jirani yake haimo ndani ya hesabu hiyo, na hakuna muuza duka awezaye kumtoza jirani kwa kinga ambayo hakuinunua. Bei yoyote itakayowekwa itawaacha nje baadhi ya watu, na kila anayeachwa nje hubaki daraja la mbu kwenda kwa waliolipa. Daktari peke yake asingeliona hilo, wala mchumi peke yake, wala mwanahisabati peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Lipo jambo la pili katika hesabu hii, nalo linaihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Mji wa Busia uko nchi mbili: upande huu Kenya, upande ule Uganda. Wakazi wake wanauziana samaki, wanaoana, wanazikana. Nyumba nyingi za pande hizo mbili haziko mbali kwa mita 300. Kwa maana hiyo chandarua kilichotundikwa na Serikali ya Uganda kinamkinga mtoto wa Kenya, na kisichotundikwa na Serikali ya Kenya kinamhatarisha mtoto wa Uganda. Hali ni hiyo pia Mutukula, Sirari na Rusumo. Mbu hapangi foleni uhamiaji. Lakini kila nchi inagawa vyandarua kwa kalenda yake, inachagua aina yake, na inahesabu wagonjwa wake kwenye daftari lake.

Haikuwa hivi siku zote. Kati ya mwaka 1954 na 1959, taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, iliendesha mpango mmoja wa kupulizia dawa majumbani pande zote mbili za mpaka, Taveta upande wa Kenya na Upare upande wa Tanganyika. Watafiti walikuwa wamoja, dawa ilikuwa moja na kitabu cha kumbukumbu kilikuwa kimoja. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Entebbe nako kulikuwa na taasisi ya virusi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo watafiti wake walivitambua virusi vya Zika mwaka 1947, miongo kadhaa kabla dunia haijavijua. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, taasisi hizo ziligawanywa kama mabehewa ya reli. Kila nchi ikabaki na kipande chake.

Jumuiya mpya imejenga upya baadhi ya nguzo. Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iko Bujumbura, Tume ya Sayansi na Teknolojia iko Kigali, na Baraza la Vyuo Vikuu liko Kampala. Kigali pia ni makao ya Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, inayofundisha vijana kutoka nchi nyingi za bara hili. Nguzo zipo. Kinachopungua ni paa. Mtafiti anayetaka kuchunguza malaria pande zote mbili za Namanga bado anahitaji kibali cha COSTECH upande wa Tanzania na cha NACOSTI upande wa Kenya, mbali na vibali vya maadili ya utafiti wa tiba vya kila nchi. Akitaka kuvuka Busia, ataongeza kibali cha baraza la sayansi la Uganda. Bidhaa za biashara zimeshapata nyaraka za pamoja za forodha. Maarifa bado yanasimamishwa kila kituo.

Maswali mapya hayasubiri. Mbu wa sehemu nyingi wamejenga usugu dhidi ya dawa ya zamani ya vyandarua. Jaribio lililofanyika wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba vyandarua vipya vyenye dawa mbili tofauti vilipunguza uwezekano wa mtoto kuwa na malaria kwa zaidi ya nusu baada ya miaka miwili, vikilinganishwa na vya kawaida. Vyandarua hivyo ni ghali zaidi. Je, inunuliwe idadi ndogo ya vilivyo bora, au nyingi ya vya kawaida? Vidumu muda gani ndani ya nyumba ya udongo yenye moshi? Watu watavitumia msimu wa joto, wakati wengi hupendelea kulala nje? Daktari, mchumi na mwanahisabati wanahitajiana tena, na safari hii wasisubiri kualikwa na mfadhili.

Uzito wa suala hili unaonekana katika takwimu za Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000 duniani. Kati ya kila vifo 100, takriban 11 vilitokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na vinne Tanzania. Nchi hizo mbili ni wanachama wa Jumuiya na zinapakana kwa maji ya Ziwa Tanganyika. Wengi wa waliokufa barani Afrika ni watoto walio chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo yapo mambo manne ambayo wakuu wa nchi za Jumuiya na mabunge yao wanapaswa kuyaamua kabla bajeti zijazo hazijafungwa.

La kwanza, chandarua kibaki bure kwa mjamzito na mtoto, na fedha zake ziwe na kasma yake katika bajeti za ndani. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo ilikuwa ya Waafrika wenyewe, na haikusubiri Washington.

La pili, wilaya zinazopakana zigawe vyandarua kwa kalenda moja na kwa kipimo kimoja. Jambo hili halihitaji mkataba mpya. Linahitaji waganga wakuu wa wilaya wanaofahamiana na wenye ruhusa ya kuzungumza.

La tatu, kibali cha utafiti wa afya kilichotolewa na nchi moja mwanachama kitambulike na nyingine, chini ya usimamizi wa tume ya Bujumbura. Sambamba na hilo, fedha za utafiti zitoke nyumbani. Umoja wa Afrika ulikubaliana mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi katika sheria yake ya mwaka 2013 na kutaja asilimia 2. Sheria ikishatungwa, kilichobaki ni kuitekeleza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

La nne ni lugha. Matokeo ya Kilifi, Asembo, Kilombero na Busia yamesomwa London, Boston na Geneva. Mama aliyejibu maswali ya watafiti, aliyetolewa mtoto wake damu kidoleni na kumruhusu mgeni achungulie kama chandarua kimetundikwa, mara nyingi hakuletewa jibu. Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya Jumuiya. Kila utafiti wa afya unaofanywa katika vijiji vyake uambatane na muhtasari wa Kiswahili chepesi, usomwe kwenye baraza la kijiji na kliniki ya wajawazito, kabla au pamoja na kuchapishwa kwake ughaibuni.

Mwaka 1954 kulikuwa na mkoloni mmoja, na mpaka wa Taveta na Upare ulivukwa kwa amri yake. Leo zipo nchi nane huru zenye Jumuiya waliyoijenga wananchi wenyewe. Itakuwa aibu ikiwa ilichoweza amri ya mkoloni kitashindwa na hiari ya ndugu. Msimu wa mvua unapoanza, mbu wa Busia hatauliza kasma ya bajeti imepitishwa upande gani wa barabara.